Ngamia Kumi na Tisa wa Kerrow

Moshi, 2 Februari 2025

Adeer Idil,

Leo ni miaka arobaini na miezi minne tangu niondoke Bura. Nilihesabu kabla ya kufungua bahasha yako, kama ninavyofanya kwa kila barua itokayo huko. Si nyingi.

Usishangae kwamba nami nakuita adeer. Kwetu ndugu wa baba na mtoto huitana kwa jina moja, na mimi ni kaka mkubwa wa baba yako, ingawa mara ya mwisho kumwona Abdijabar alikuwa na miaka kumi na miwili na jino la mbele limevunjika. Unauliza kwa nini umeambiwa uniandikie kwa mkono, tena kwa Kiswahili. Simu kwangu haina faida. Miaka thelathini nilisoma prufu katika kiwanda cha uchapaji hapa mjini, meza yangu ikiwa hatua nne kutoka kwenye mtambo, na mtambo ule ulinila masikio kidogo kidogo. Kisomali nakisema, ila sikufundishwa kukiandika. Shuleni Garissa walitupa Kiswahili na Kiingereza, na katika hizo mbili nimebaki na ile ninayoiota usiku.

Barua yako ina makosa saba. Nimeyawekea alama ya penseli na ninairudisha ndani ya bahasha hii. Usikasirike; ndiyo kazi iliyonilisha.

Kosa la nane sikuliwekea alama kwa sababu sikujua niiweke wapi. Unaniomba ruhusa ya kuchukua damu ya "ngamia wako kumi na tisa" kwa ajili ya mradi wako wa chuo. Adeer, sina ngamia. Nina kitanda, redio nisiyoisikia, mparachichi ambao nusu ya matawi yake yako kwa jirani, na vitabu mia mbili na kumi na viwili. Kama ni mzaha wa wanafunzi, haukunichekesha. Kuna watu ambao hawataniwi kuhusu ngamia, na mimi ni mmoja wao.

Niambie mambo ya kweli badala yake. Unasoma nini hasa? Ukitoka darasani unafanya nini? Unataka kuwa nani? Sikujaliwa binti, na wanangu wawili wa kiume waliniambia mambo hayo baada ya kuyaamua.

Msalimie baba yako. Mwambie nitakuja, Inshallah, mvua ikinyesha.

Kerrow Mohamud


Garissa, 20 Februari 2025

Adeer Kerrow,

Assalamu alaikum. Makosa saba nimeyaona. Sita nakubali. La saba nilimwonyesha mwalimu wa mawasiliano, akasema mimi ndiye niliye sahihi, kwa hiyo tuko sita kwa moja. La nane si kosa, walahi. Ni ngamia.

Lakini umeuliza kwanza mambo yangu. Nasoma diploma ya afya ya mifugo, mwaka wa pili, umebaki mmoja. Darasani tuko thelathini na wanane, wasichana watano. Muhula uliopita tuliunganisha mifupa ya ng'ombe mzima kwa waya, na kikundi chetu kilibakiwa na mfupa mmoja tusiojua unakaa wapi. Tukauficha. Somo ninalolipenda kuliko yote ni la vimelea, anafundisha Madam Nasteha. Hadubini ni mbili kwa darasa zima, kwa hiyo mimi hufika saa moja kasoro asubuhi na kukaa kwenye kiti kabla wavulana hawajamaliza chai. Somo nisilolipenda sikuambii, usije ukanitungia mtihani.

Nikitoka darasani mimi ni kipa wa timu ya wasichana. Mwaka huu nimefungwa mabao mawili tu, na moja alifunga beki wetu mwenyewe. Siku ya soko naenda soko la mifugo na daftari, nachora alama za moto walizopigwa ngamia, za kila ukoo. Wazee walikuwa wakinifukuza: "Wewe binti, unatuandikia kodi?" Siku hizi wananiita: "Mwalimu, njoo, hii hujaipata." Nina alama mia moja na kumi.

Hivyo ndivyo nilivyokupata. Likizo nilikuwa nachora za kwetu Bura, nikaona kumi na tisa wana alama yetu shingoni, lakini pia wamekatwa ncha ya sikio la kushoto. Tangu utoto nasikia "Wa Kerrow wamerudi," "Wa Kerrow wamekwenda kunywa." Nilidhani ni jina la kundi. Kumbe ni jina la mtu! Baba akanieleza. Ulipozaliwa, babu alikutengea mtamba mwekundu, Guduudo, ngamia wako wa kitovu, yeye na kila atakayezaliwa kwake. Kabla hujaondoka ulimpa mjane mmoja, Timiro, ngamia jike aliyezaliwa na Guduudo, amkame. Baada ya ukame Timiro alimrudisha, akiwa na ndama. Hao kumi na tisa ni uzao wake.

Baba anawatunza kama amana. Maziwa tunakunywa, desturi inaruhusu. Kuuza hapana, kuchinja hapana, kumpa mtu hapana. Hata sindano yangu alikataa: "Akifa mkononi mwako nitamwambia nini mwenyewe?" Ndiyo maana nakuomba ruhusa.

Ninataka kuwa daktari wa ngamia. Sisemi "ningependa". Wataalamu wanaoletwa kwetu wanajua ng'ombe. Wakimwona ngamia wanasimama mbali na kuandika. Mimi sitasimama mbali.

Jambo moja tu limeingia njiani. Kaka yangu Daud, anayewachunga hao ngamia wako, anaoa na kuhamia kwa mkewe Dadaab. Baba atashika kundi mwenyewe, na kwa kuwa mgongo umemshinda Mama, mimi niache chuo mwezi wa Julai nikashike nyumba, "mpaka mwenye mali arudi." Siogopi. Umesema unarudi mvua ikinyesha, na mvua haiko mbali.

Idil Abdijabar


Moshi, 12 Machi 2025

Adeer Idil,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nimeisoma kwa rula, mstari baada ya mstari, kama nilivyosoma prufu, kwa sababu jicho linalotaka kuamini huruka maneno.

Timiro nilimsahau. Hapana, nitaandika sawasawa: nilimkumbuka, ila nilimhesabu pamoja na waliokufa, yeye na ngamia. Alikuwa amefiwa na mume na ana watoto wanne. Asubuhi ya kuondoka kwenda mtoni nilimwachia ngamia wa maziwa, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya, nikamwambia, "Mkame mpaka akauke, kisha umrudishe." Sikugeuka kutazama. Nilikuwa na haraka ya kwenda kufanya jambo kubwa.

Jambo hilo baba yako hakukuambia, basi nitakuambia mimi. Ulikuwa ukame wa mwaka 1984. Babu yako alikuwa mgonjwa na kundi la ngamia sitini na watatu lilikuwa mikononi mwangu. Kulikuwa na majani mabichi kwenye vichaka vya mto Tana, na wazee walisema usiwapeleke huko, kuna mbung'o, watarudi na ugonjwa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na nilidhani cheti ni macho. Niliwaambia kwamba wakati wa kiangazi mbung'o ni wachache, nimesoma. Nikawapeleka. Tulikaa siku tisa, wakashiba. Siku ya nne baada ya kurudi, wa kwanza alianguka. Koo lilivimba, damu ikatoka puani, nyeusi, haikuganda. Katika siku kumi na mbili walikufa hamsini na wanane.

Babu yako hakunipiga wala kunitukana. Alinyamaza, na kila aliyepita uani kwetu alinyamaza. Asubuhi moja ya Oktoba nilitembea mpaka Garissa, nikapanda lori la kwanza lililokuwa na nafasi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ni mara ya kwanza kuyaandika haya, na nimeshangaa kwamba yameenea katika aya mbili.

Ruhusa unayo. Chukua damu ya wote kumi na tisa. Mmoja akifa, amekufa kwa mkono niliouruhusu, na baba yako hana la kunijibia.

Kuhusu Julai, asikutoe chuoni. Mwambie nitakuja, Inshallah, mvua ikinyesha, tuzungumze mimi na yeye.

Ramadhani njema. Na ule mfupa mlioficha, nina hakika ni wa ulimi. Tafuta mchoro wa koo.

Kerrow Mohamud


Bura, 4 Mei 2025

Adeer Kerrow,

Ulikuwa wa ulimi! Umejuaje? Tumeurudisha na kusingizia panya.

Niko nyumbani kwa mazoezi ya mwezi mmoja. Barua yako niliisoma kwa sauti uani: Baba, Mama, Daud, na Ayeyo Timiro, bibi wa kila mtoto hapa. Ndiyo, yuko hai. Macho yamepungua, mdomo haujapungua. Hata kabla sijafungua karatasi akauliza:

"Huyo Kerrow bado ana meno?"

"Sijui, ayeyo. Hakuandika habari za meno."

"Muulize. Aliondoka na meno mazuri na hakuniaga."

Nilipofika penye ukame nilitaka kuruka. Baba akasema, "Soma yote, karatasi haina aibu." Nikasoma. Nilipotaja hamsini na wanane, Baba akainua mkono.

"Hamsini na saba. Mmoja alipotea msituni, hatujui alikufa na nini. Mwambie aandike sawasawa."

Kisha akachora chini kwa fimbo. "Idil, kwani alidhani tumemkasirikia?"

Akafuta kwa mguu alichokichora.

"Mimi nilimkasirikia," akasema, "kwa sababu alikuwa ananifundisha kugawanya desimali akaondoka katikati. Mpaka leo sijui kugawanya desimali."

Ayeyo Timiro akacheka mpaka akakohoa. "Arobaini! Miaka arobaini mtu anamkimbia mtoto wa hesabu!"

Sasa nisikilize kama mwanafunzi, si kama mwana. Mbung'o haui ngamia kwa siku nne. Ugonjwa wake unakula polepole: mnyama anakonda, homa inakuja na kuondoka, miezi inapita. Koo kuvimba, kuanguka ghafla, damu nyeusi isiyoganda puani: huo ni kimeta, Adeer. Kimeta hakiletwi na mbung'o. Kinalala kwenye udongo miaka na miaka, na wakati wa ukame mnyama anang'oa majani mafupi pamoja na udongo wake. Nilimwandikia Madam Nasteha dalili zako bila kutaja jina wala mwaka. Akajibu neno moja, hilo hilo.

Damu nimechukua. Hakufa hata mmoja. Baba alisimama pembeni anasoma dua kila sindano ilipoingia, na ilipofika ya kumi akawa ananishikia chupa. Wawili nimewakuta na vimelea vya damu. Afisa anayenisimamia alitazama kwenye hadubini baada yangu, akasema ningewaacha mwezi mmoja zaidi tungewapoteza. Tumewatibu, na yule mwekundu mdogo, anayefanana na Guduudo kama wanavyosema, ameanza kula. Siku ile nilijua kabisa kwamba kazi yangu ni hii.

Lakini ya Julai hayajabadilika. Nataka ujue kwa nini, kwa sababu ulisema niandike ya kweli. Mwaka 2022 mbuzi wetu walikufa wote, na ng'ombe. Tuliishi kwa maziwa ya ngamia wako na unga wa msaada. Siku moja Mama alimwomba Baba auze mmoja, mmoja tu. Baba akasema, "Si wangu. Mwenyewe amesema anakuja." Mchungaji wetu akaondoka, Daud akaacha shule kidato cha tatu akawachunge. Sasa ni zamu yangu. Kila dereva aliyepita miaka yote hii alileta neno lako, nitakuja mvua ikinyesha, na Baba huwa hasikii "Inshallah". Anasikia "nitakuja".

Mvua imenyesha, Adeer. Tangu mwisho wa Machi. Baba amepiga lipu chumba cha mbele na kununua godoro jipya.

Unakuja lini?

Idil


Moshi, 21 Mei 2025

Adeer Idil,

Barua imefika. Huku nako mvua ni kubwa na mlima hauonekani siku ya sita leo. Nimefurahi kwa ajili ya yule mwekundu. Mwambie Timiro meno ninayo kumi na manne, na kwamba ninaomba radhi kwa kutoaga.

Kimeta nimekisoma kwenye vitabu vyangu viwili na kimoja cha kuazima. Nitakuandikia.

Nitakuja baada ya Idd, Inshallah.

Kerrow


Garissa, 16 Juni 2025

Adeer,

Idd imepita siku kumi.

Madam Nasteha anatufundisha kwamba mnyama anayeumwa unampima jambo moja moja, si yote pamoja, ukichanganya hutapata jibu. Basi nakuuliza jambo moja. Utarudi au hutarudi?

Usiniandikie Inshallah. Mwenyezi Mungu sina shaka naye, nakuuliza wewe.

Muhula unakwisha tarehe 18 Julai. Baba amekuja chuoni kuuliza jinsi ya kuondoa jina langu. Mwandikishaji alimwuliza sababu, akajibu, "Kaka yangu yuko njiani." Alisema kwa fahari. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Nikikosa adabu, wekea alama ya penseli. Lakini bado nasema nitakuwa daktari wa ngamia, mwaka huu au mwaka wowote.

Idil


Moshi, 28 Juni 2025

Adeer Idil,

Sikuweka alama yoyote. Barua yako haina kosa.

Nimefanya kazi niliyopaswa kuifanya zamani: nimesoma prufu ya maneno yangu mwenyewe. Kila mwaka, kwa kila dereva, nilituma sentensi ile ile. Kwangu ilikuwa adabu, kitu cha kuweka mwisho wa salamu ili salamu isiwe kavu. Sikuwahi hata siku moja kuuliza nauli ya Garissa. Na huko baba yako alikuwa akiweka juu ya sentensi hiyo njaa ya nyumba nzima, na masomo ya Daud, na sasa yako. Nilipoondoka nilidhani nimewaua ngamia wa watu na nikawapunguzia mzigo wa kunitazama. Kumbe niliwaachia mzigo mwingine, nikawa ninauongeza mwaka hadi mwaka kwa maneno matamu.

Kimeta nakishukuru, ila sitakichukua chote. Wewe umetaja ugonjwa sawasawa, na wazee walikosea sababu. Lakini walisema usiende, na kwenye udongo ule niliwapeleka mimi. Sehemu hiyo ni yangu na nimeibakiza. Nyingine, niliyoibeba miaka arobaini bila kuwa yangu, nimeitua. Hamsini na saba nimesahihisha.

Kwa hiyo si aibu inayonizuia tena, na usimruhusu mtu yeyote uani aseme hivyo. Hapa nilimwoa Fosia na hapa nimemzika. Wajukuu wangu wako mtaa wa pili, wananipigia kelele sikioni na bado siwasikii. Ile Bura ninayoitamani ina baba yangu ndani yake, na mimi nikiwa na miaka ishirini na minne. Hakuna basi linalokwenda huko. Hiyo mpya, yenye chumba kilichopigwa lipu kwa ajili yangu, ni ya baba yako na nyinyi. Ningekuja ningekuwa mgeni anayepewa maziwa ya ngamia wake mwenyewe. Nimelia kidogo nikiandika mstari huu, kisha nimeusoma tena na nimeuona ni sahihi.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nilikaa na imamu wetu na watu wawili wa kwetu wanaoishi hapa, Awil mwenye duka la vitambaa na Noordin aliyekuwa dereva. Nimewaambia niliyoyaamua nao wametia sahihi kwenye karatasi iliyo ndani. Yule mwekundu mdogo na wote waliotoka kwa mama yake ni wako, Idil. Si wa mume utakayeolewa naye, si wa ukoo. Ni wako, uwachore alama unayotaka. Binti hapewi ngamia wa kitovu, najua. Awil naye alinikumbusha mara mbili. Nimemjibu kwamba aliyewachoma sindano na wakaamka ana haki kuliko aliyewatupa na kusahau. Mmoja mwenye maziwa apelekwe kwa Timiro, na safari hii asirudishwe. Wawili ni wa Daud, mahari yake na radhi yangu. Waliobaki ni wa Abdijabar. Wote. Auze, achinje, aajiri mchungaji, ampeleke mama yako hospitali, afanye atakalo. Amana imekwisha.

Nina sharti moja: Septemba uwe darasani, kwenye kiti cha hadubini, kabla wavulana hawajamaliza chai. Na uniandikie. Nataka kujua kila mnyama aliyekushinda na kila bao ulilofungwa, hata la beki wenu.

Kwenye karatasi ya tatu nimemwandikia baba yako jinsi ya kugawanya desimali, pamoja na mifano sita. Majibu yako nyuma. Asiyaangalie kwanza.

Kipande hiki cha mwisho msomee baba yako kwa sauti uani, wakiwepo wote, na Timiro akae karibu. Usiongeze neno na usipunguze, kwa sababu bila hicho hayo ya juu hayana nguvu:

Mimi, Kerrow Mohamud, mzaliwa wa Bura, nikiwa na akili yangu timamu na mbele ya mashahidi, nasema kwamba mali niliyotunziwa nimeitoa kwa moyo safi, na aliyeitunza hana deni kwangu mpaka siku ya kiyama. Mlango wa chumba cha mbele ufunguliwe, alale anayekihitaji. Asiningojee mtu. Sitarudi.

Kerrow Mohamud